Nani mwenye ufunguo wa sanduku la maoni?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya malalamiko. Sisemi manung'uniko ya ndani ya daladala, ambayo huanzia Mwenge na kuishia Kariakoo pasipo mtu hata mmoja kuyaandika. Nasema lalamiko lenye jina na tarehe, lililopelekwa halmashauri, likachunguzwa, na mwisho wake mchunguzi akatamka kwamba mwananchi huyu ana haki, halmashauri ilikosea. Swali langu ni hili: baada ya hapo hutokea nini? Mlalamikaji ataombwa radhi, pengine atalipwa fidia kidogo, naye atakwenda zake. Lakini halmashauri yenyewe imejifunza kitu, au karani yule yule atamfanyia mtu mwingine kosa lile lile Jumatatu ijayo?

Nitalitazama swali hilo kwa mfano wa Uingereza, hasa England, maana Scotland na Wales zina ofisi zao. Najua wapo watakaouliza kwa nini niende kwa wazungu. Kwanza, wenzetu hao wameweka kumbukumbu zao wazi, kila mtu anaweza kuzisoma. Pili, kuna jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Ofisi ya kuchunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa serikali, ambayo dunia huiita kwa jina la Kiswidi, Ombudsman, ilianzishwa Tanzania mwaka 1966. Iliitwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Waingereza walipitisha sheria yao mwaka 1967, tena kwa ajili ya wizara tu. Halmashauri zao za miji na wilaya zilisubiri hadi sheria ya mwaka 1974. Kwa hesabu ya miaka, basi, sisi ndio kaka zao.

Huo mwaka 1966, wakati sisi tunafungua ofisi, wenzetu walikuwa wangali bungeni wakibishana maana ya utawala mbovu. Waziri mmoja, Richard Crossman, aliwasomea wabunge orodha ya mambo anayoyahesabu kuwa utawala mbovu: upendeleo, uzembe, kutojali, kuchelewesha, kutoijua kazi na mengine ya jamaa hiyo. Nadhani mtu yeyote aliyewahi kufuatilia faili kwenye ofisi ya umma angeweza kuiandika orodha ile bila kwenda chuo.

Sasa tuone mambo yanavyokwenda huko England. Mwananchi akikwaruzana na halmashauri yake huanza kwa kulalamika hapo hapo kwenye halmashauri. Asiporidhika na jibu, huandika kwa Mchunguzi wa Malalamiko. Zamani ilimpasa apitie kwa diwani, lakini kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1988, naye sasa huandika moja kwa moja bila kulipa hata senti. Mchunguzi hulichambua lalamiko na kutoa uamuzi. Katika mwaka wa 2023-24, kati ya kila malalamiko 10 yaliyochunguzwa kwa kina, kiasi cha 8 mwananchi alionekana ana haki. Wala msidhani hizo ni halmashauri za porini. Ni halmashauri zenye kompyuta, zenye wanasheria, na zenye watu wa kupokea simu kwa sauti tamu.

Lakini hilo la mwananchi kushinda silo lililonivuta. Lililonivuta ni lile linalofuata. Tuseme kuna mama mwenye mtoto mlemavu. Sheria ya huko inaitaka halmashauri imtengenezee mtoto huyo mpango maalumu wa masomo na matunzo katika muda wa majuma 20 tangu ulipoombwa. Majuma yanapita 30, yanapita 40, mpango hauonekani. Mama analalamika na Mchunguzi anampa haki yake. Kwa utaratibu wa kale mambo yangeishia hapo: mama huyu aombwe radhi, alipwe, mtoto apewe mpango wake. Lakini mama huyu ni yule mmoja mwenye kalamu, mwenye nauli, na mwenye moyo wa kutokata tamaa. Je, wale wengine ambao mipango yao imelala kwenye kabati lile lile, nao hawakulalamika kwa sababu hawakujua pa kwenda?

Sheria yao ilirekebishwa mwaka 2007. Tangu hapo Mchunguzi anaruhusiwa kutazama hata mambo ambayo hakuna aliyeyalalamikia, iwapo ameyaona njiani wakati akichunguza lalamiko la mtu mwingine. Tena anaweza kuitaka halmashauri ifukue mafaili yake, iwatafute wengine wote walioumizwa na kosa hilo, na iwatendee kama ilivyomtendea yule wa kwanza. Hili mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Maana hapo lalamiko huacha kuwa ugomvi wa mtu na ofisi, likawa kama kipimo cha damu: umetolewa tone moja kidoleni, lakini daktari anasoma habari za mwili mzima.

Halafu husemwa pia ni nini kibadilishwe, na lini. Pengine ni barua za halmashauri zilizokuwa zinawapotosha watu juu ya haki yao ya kukata rufani. Pengine ni makarani wanaohitaji kufundishwa sheria mpya. Halmashauri ikishakubali, haiambiwi tu "haya, nenda salama". Inapewa tarehe, na kabla ya tarehe hiyo lazima ilete ushahidi kwamba imefanya: barua mpya yenyewe, orodha ya waliohudhuria mafunzo, na kadhalika. Isipoleta, huandikwa kwamba haikuleta. Tangu mwaka 2019 habari hizo za kila halmashauri zimewekwa kwenye ramani katika intaneti, na ziko halmashauri zaidi ya 300. Mwananchi hubonyeza mahali anapokaa, akaona wakubwa wake walikosea mara ngapi, waliahidi kubadili nini, na kama walitimiza.

Sasa shikeni hili, maana lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Mapendekezo ya Mchunguzi huyo si amri ya mahakama. Halmashauri inaweza kisheria kuyakataa. Hata hivyo karibu zote huyakubali, na wanaokataa ni wa kuhesabu kwa vidole. Kinachowatisha ni nini? Ni haya haya magazeti mnayonunua asubuhi. Kosa likiwa zito, Mchunguzi hutoa ripoti ya hadharani. Jina la mlalamikaji hufichwa lakini jina la halmashauri hutajwa waziwazi. Ripoti hiyo lazima iwekwe mbele ya baraza la madiwani, na katika muda wa majuma 2 halmashauri ni lazima itangaze magazetini kwamba ripoti ipo na watu waje kuisoma. (Wahariri wa gazeti linalochapa mazungumzo haya watapenda kusikia kwamba tangazo hilo hulipiwa.) Kisha halmashauri ina miezi 3 ya kueleza imefanya nini.

Je, hayo yote yametosha? Hapana. Tangu mwaka 2004 ni marufuku kwa halmashauri ya England kuiweka familia yenye watoto isiyo na makazi katika chumba cha gesti, choo na jiko vya kuchangia na wageni wengine, kwa zaidi ya majuma 6. Mwaka 2013 Mchunguzi alikusanya malalamiko ya aina hiyo na kutoa ripoti kuwaonya wote. Mwaka 2017 akalazimika kutoa ripoti nyingine juu ya kosa lile lile, nayo akaipa jina lile lile la kwanza, ila safari hii akaongeza neno la "bado" na alama ya kuuliza mwishoni. Miaka 4 ilikuwa imepita, na watoto walikuwa wangali wanafanya kazi zao za shule juu ya kitanda cha gesti.

Hapa tuwe waadilifu. Halmashauri inaweza kulielewa somo vizuri kabisa na bado isiwe na nyumba za kuwapa watu. Wengi wa viongozi hao hawana hela kweli. Jiji la Birmingham, ambalo ni la pili kwa ukubwa Uingereza, mwaka 2023 lilitangaza rasmi kwamba haliwezi kumudu matumizi yake. Lakini mwaka 2018 Mchunguzi alikuwa ameshasema kwamba ukata hauibadilishi sheria, wala kipimo anachotumia kuzipima halmashauri. Nami nakubaliana naye, kwa sababu ninazijua ofisi ambamo "hatuna bajeti" ni jibu la kila kitu, hata la barua ambayo ingejibiwa kwa karatasi moja na dakika kumi. Kukosa nyumba ni umaskini. Kutomwambia mama mwenye watoto watatu kwamba ana haki ya kukata rufani si umaskini.

Mniruhusu nitoke kidogo. Kuna ofisi moja ya umma, sitaitaja, nilikwenda kufuatilia jambo langu. Mlangoni pana sanduku la maoni, limepakwa rangi nzuri ya buluu, na kufuli yake imeota kutu. Nikamuuliza mlinzi sanduku hili hufunguliwa siku gani. Akaniambia, "Mzee, ufunguo alikuwa nao bosi, na bosi alishahamishwa." Nikacheka, naye akacheka. Nilipokuwa ndani nikamsikia ofisa mmoja akijisifu kwa mgeni wake kwamba mwaka mzima hawajapokea lalamiko hata moja.

Nafikiri ofisa yule alikuwa akisema kweli, na hilo ndilo la kuogopesha. Mchunguzi wa England huonya kila mara kwamba wingi wa malalamiko pekee si dalili ya halmashauri mbaya. Huenda ni halmashauri inayowasikiliza watu na kuwaonyesha njia ya kulalamika. Ofisi isiyo na lalamiko ama ni ya malaika, ama watu wake wamechoka.

Na watu wanapochoka, au wanapoonekana wakorofi, gharama yake huwa kubwa. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell, la ghorofa 24, liliungua mjini London na watu 72 wakafa. Jengo lilikuwa mali ya halmashauri ya Kensington na Chelsea, likisimamiwa na shirika lililofanya kazi hiyo kwa niaba yake. Baadhi ya wapangaji walikuwa wamelalamika kwa miaka juu ya usalama wao, pamoja na hatari ya moto. Tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Septemba 2024, ilieleza kwamba shirika lile lilifika mahali pa kuwahesabu baadhi ya wapangaji hao kuwa ni wachochezi. Sisemi kwamba barua moja iliyosomwa vizuri ingeuzima moto ule, kwani makosa yalikuwa mengi, ya wajenzi, ya watengenezaji na ya serikali kuu. Nasema kwamba mtu ukishampa jina la mchochezi, hutaisoma barua yake, hata siku ile anapoandika neno la kweli tupu.

Mwezi Februari 2024 Mchunguzi alitoa mwongozo mpya kwa halmashauri. Lalamiko lijibiwe katika siku 10 za kazi, na mwananchi akikata rufani ajibiwe katika siku 20. Na kila mwaka halmashauri itoe taarifa ya hadharani: malalamiko mangapi, mangapi yalikuwa ya haki, na kitu gani kimebadilika kwa sababu yake. Hilo swali la mwisho ndilo gumu kulijibu kwa maneno matupu.

Nasi kaka mtu tulifika wapi? Tume yetu ya mwaka 1966 ilipeleka ripoti zake kwa Rais, na mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kujua halmashauri ipi ilikutwa na kosa gani. Mahali pake pakachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwa sheria ya mwaka 2001. Tume hiyo si kwamba haina meno. Wananchi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, walioondolewa kwa nguvu kwenye makazi yao mwaka 2001, walipeleka lalamiko lao, na mwaka 2004 Tume ikasema wana haki. Serikali ikakataa kutekeleza, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo England, ambako pendekezo si amri, halmashauri hutii kwa kuogopa aibu. Kwetu ilibidi mwanakijiji aliyekwisha kushinda aanze upya safari ya mahakamani.

Baraza la madiwani hapa kwetu hukutana kila baada ya miezi 3, na vikao vyake ni vya wazi. Tarehe hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Atakayepata nafasi asubuhi hiyo aende, akae kiti cha nyuma, na asikilize kama katika taarifa zote zitakazosomwa, za taka, za masoko, za barabara, kuna hata moja inayosema tulilalamikiwa, tukaona mwananchi ana haki, tukabadili jambo hili. Asipoisikia, diwani wake atakuwa pale pale nje wakati wa chai, na anaweza kumuuliza.