Kunakili Diski Bila Kupoteza Hesabu za Kikundi



Vikundi vingi siku hizi vinaweka hesabu za akiba na mikopo katika kompyuta. Ni jambo jema. Lakini diski nayo huzeeka kama jembe. Msingoje ife. Tafuteni mpya, mnakili kila kitu mapema.

Kwa Linux hakuna programu ya kununua. Kwanza, washeni kompyuta kwa flashi yenye Linux, ili diski mnayonakili isiwe inatumika. Pili, andikeni lsblk, mtaona kila diski na ukubwa wake. Tuseme ya zamani ni sda, GB 250, na mpya ni sdb, GB 500. Ndipo muandike:

sudo dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=4M status=progress

Hiyo if ni kisima mnachochota, of ni pipa mnalomwagia. bs ni ukubwa wa ndoo. status=progress inawaonyesha kazi imefika wapi.

Sasa hapa mnisikilize vizuri. dd haiulizi kama una hakika. Mimi mwenyewe siku moja niligeuza hizo herufi, nikamwaga diski tupu juu ya ile yenye hesabu za kikundi za miaka 3. Zote zikaisha. Kilichotuokoa ni vitabu vya wanachama. Tulikaa wiki nzima tukiandika upya. Mama mmoja kitabu chake kilikuwa kimeliwa na mchwa. Ilibidi kikundi kimwamini kwa mdomo. Mpaka leo nikimwona naona haya. Kwa hivyo, mmoja aandike, mwingine asome kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Diski ikiwa tayari ina makosa, dd itasimama njiani. Hapo tumieni ddrescue.

Mkimaliza, mtashangaa: diski mpya bado inaonyesha GB 250. Shamba limeongezeka, lakini ua uko palepale. Sogezeni ua kwanza. Kama sehemu ya mwisho ni ya 2 na ni ya ext4:

sudo parted /dev/sdb resizepart 2 100%
sudo e2fsck -f /dev/sdb2
sudo resize2fs /dev/sdb2

parted ikiuliza kama irekebishe jedwali la diski, jibuni Fix. Amri ya pili inakagua, ya tatu inapanda mazao mpaka kwenye ua mpya.

Kupunguza ni kinyume: vuneni kwanza, yaani resize2fs, halafu ndio msogeze ua. Ukianza na ua, umekata mahindi ya mwenzako.

Mwisho, msiwashe kompyuta na diski zote mbili zikiwa ndani. Zina kitambulisho kimoja, itachanganyikiwa. Ile ya zamani ifungieni sandukuni. Na daftari la karatasi, jamani, msilitupe.