Kipigo Hakingoji Baraza la Usuluhishi



Nimeombwa nizungumze juu ya msaada kwa mtu anayepigwa nyumbani kwake. Sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1984, nikifundisha kijijini, mke wa jirani yangu alinigongea usiku, amejitanda khanga kuficha uso uliovimba. Nilimpa maji ya kunywa, kisha nikamwambia arudi akavumilie, kwani mambo ya ndani hayatolewi nje. Akarudi. Nami nikalala nikijiona nimesema la busara.

Wakati huo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ilikuwa na umri wa miaka 13. Kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba, hata mila ikisema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Imesemwa mwenzi, si mke tu. Waume wanaopigwa wamo. Mimi, msomi wa kijiji, sikukijua kifungu hicho.

Wapo maofisa ambao hadi leo humwambia mwanamke mwenye majeraha aanzie kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Huko ni kuchanganya mambo. Baraza, kwa kawaida, hutangulia shauri la talaka. Kumpiga mtu ni jinai, na jinai haingoji usuluhishi. Mahali pake ni polisi, ambako vituo vingi siku hizi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Huko hutolewa fomu ya PF3, ambamo daktari huandika majeraha aliyoyaona, nayo huweza kuwa ushahidi mahakamani. Jeraha likiwa kubwa, hospitali kwanza.

Wengi hawathubutu kwa kuhofia njaa: nyumba ni ya mume, shamba ni la mume. Hofu hiyo si upuuzi. Hata hivyo, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Na asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisa Maendeleo ya Jamii aulizwe njia.

Linabaki swali gumu: usiku ule atalala wapi? Nyumba za hifadhi ni chache, na vijijini ni adimu mno. Kwa hiyo atabisha kwa mwalimu, kwa mganga wa zahanati, kwa Ofisa Mtendaji. Mpeni mahali pa kulala, na watoto wake pia. Kukicha, msimtume kituoni peke yake, nendeni naye. Akiambiwa pale arudi wakayamalize nyumbani, ombeni kumwona mkuu wa kituo, na msiondoke mpaka maelezo yake yameandikwa.