Siyu: Mji wa Zamani na Hesabu ya Watu Wake



Mgeni akifika Siyu leo huona kijiji cha wavuvi na wakulima, na ngome kubwa kando ya mkono wa bahari wenye mikoko. Huuliza ngome yote hiyo ni ya nini kwa kijiji kidogo hivi. Zamani hakikuwa kijiji. Karne ya 18 na 19 Siyu ilikuwa mji wenye watu wengi kisiwani Pate. Mafundi walishona makubadhi na kuchonga viti vya enzi, na waandishi walinakili misahafu kwa mkono, herufi kwa herufi. Miaka ya 1840, chini ya Bwana Mataka, watu wa Siyu waliwarudisha nyuma askari wa Seyyid Said. Mwaka 1863 Sultani Majid aliuteka mji, na watu wakazidi kupungua.

Sensa ya 2019 ilipata watu 143,920 katika Kaunti nzima ya Lamu. Kila mtu alihesabiwa pale alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti. Kijana wa Siyu aliyekuwa Mombasa kwa kibarua alihesabiwa Mombasa, hata kama mke na watoto wako hapa. Na idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vya kugawa fedha za kaunti.

Sensa huja kila baada ya miaka 10. Siku hiyo aliyepo asikose kuandikwa, awe mtoto wa siku moja au mzee asiyeondoka kitandani.