Masazo ya Sumu na Utitiri wa Ghalani



Atakayelikung'uta gunia la mbegu lililokaa ghalani majira yote ya masika, akalikusanya vumbi lake juu ya karatasi nyeusi likawa kijichuguu, kisha akasubiri kwa utulivu, huenda akakiona kijichuguu kile kikisambaa chenyewe pasipo upepo kukigusa, na akikiinamia akasikia harufu iliyo karibu na ya nanaa. Hapo na ajue kwamba alichokidhani vumbi ni utitiri wa ghalani, wenye miguu minane na umbo lisilofika milimita moja, ambao hupendelea kula kiini cha punje, mahali hasa panapotoka chipukizi.

Dawa ya vumbi ambayo wakulima wa Tanzania waliizoea tangu vita dhidi ya dumuzi, mdudu atoboaye nafaka, katika miaka ya 1980, yaani Actellic Super, ina asilimia 1.6 ya pirimifosi-methili na asilimia 0.3 ya pemethrini. Walakini nguvu yake si ya kudumu, maana joto na unyevu huivunja pirimifosi siku baada ya siku, hata yakabaki masazo hafifu tu juu ya ganda la punje. Masazo hayo ndiyo maudhui yangu leo.

Aghalabu twadhani kwamba sumu isiyoua utitiri wote haina taathira. Mimi nasema ina taathira kubwa, kwa kuwa huwaondoa walio dhaifu na kuwaachia ghala walio sugu. Na maadamu ghalani penye unyevu na uvuguvugu kizazi kipya hukomaa katika majuma machache, usugu huo huenea upesi. Huko Uingereza, ambako pirimifosi ilitumika kwa miaka mingi katika nafaka, umekwisha onekana utitiri wa unga, Acarus siro, unaoistahimili. Tena aina hiyo ina hali moja ya ujanani isiyo na kinywa wala haja ya chakula, ambayo hujibanza katika ufa wa ukuta, ikavumilia ukame na sumu kwa miezi, ikingoja unyevu urudi.

Wala tusiwasahau maadui wa utitiri. Katika bustani za matufaha, DDT iliwaua wadudu waliokuwa wakiula utitiri mwekundu wa miti, nao ukafurika kuliko hapo kwanza. Ghalani pia yumo mwindaji, Cheyletus eruditus, ambaye hutembea juu ya punje zile zile zenye masazo. Nasi twanyunyiza bila kumfikiri.

Hata hivyo, iko njia isiyotegemea sumu: nafaka iliyokaushwa ikashuka chini ya asilimia 13 ya unyevu, na kuwekwa mahali pasipoirudishia unyevu huo, haiwapi utitiri nafasi ya kuzaana, iwe na dawa au isiwe nayo. Kwa hiyo nawasihi mabwana shamba na mabibi shamba, kabla ya kumwuliza mkulima amechanganya dawa gani, wamwulize mbegu zake zimekauka kiasi gani.