Tiketi inalipwa, kungojea hakulipwi
(Maneno tuliyosema mbele ya mukutano wa wanamemba, Kisangani)



Tumeombwa tuseme juu ya safari yenyewe. Kila mara tunasema juu ya kazi na masomo ya watoto, safari tunairuka kama kijito. Lakini ninyi mulioifanya munajua: mutu anaweza kuondoka Ulaya vizuri, akafika Bangboka amekwisha kabisa.

Mazuri yako. Ndani ya ndege kubwa mutu anapewa blanketi, anakula mara mbili, filimu iko mbele ya macho. Wengi wenu mumetuambia kwamba mulilala mule usingizi muzuri wa kwanza tangu miezi mingi. Mama mumoja alimuwekea mujukuu wake kile kisiagi kidogo cha ndege. Kilifika kikiwa mafuta, lakini mujukuu alikula. Musidharau starehe hizo. Kunywa maji, tembea kidogo kila masaa 2, zaidi sana wewe ambaye miguu inavimba.

Na ndege ikikawia kule, haki iko. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamulinda kila anayeondoka katika uwanja wa nchi zao, hata paspoti yake ikiwa ya Kongo. Kwa safari ndefu kama yetu, kuanzia masaa 4 ya kukawia unapewa chakula na kinywaji bila kulipa, na kupiga simu mara mbili; kama ni kulala, wanakupa hoteli. Usikae kimya, kwenda kuuliza kwenye kaunta. Ila wenye tiketi ya bei ya pekee, isiyouzwa kwa watu wote, waulize mbele ya kuondoka, maana sheria hiyo inaweza kuwaacha inje.

Shida inaanza Kinshasa. Mara nyingi ndege ya Kisangani ni tiketi ingine, kampuni ingine. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungojei. Kwa muto? Ni kilometa zaidi ya 1,700, pamoja na valizi na watoto. Basi unakaa.

Tulipokea jamaa moja, baba, mama na watoto 3, waliolala Kinshasa usiku 5 kwa sababu ndege ilikuwa inasogezwa kila siku: kesho, kesho. Tiketi zao zililipwa hadi Bangboka, katika karatasi kila kitu sawasawa. Lakini nyumba ya kulala, chakula, taksi ya kwenda kuuliza na kurudi, hakuna aliyeviandika popote. Feza ya kununua mashine ya kushona iliishia kule. Katika ripoti kuna neno moja tu: wamefika.

Ndiyo sababu tunaomba umoja wetu uweke pembeni feza ya kungojea: usiku 3 kwa kila jamaa. Na ninyi wafazili, munapohesabu bei ya tiketi, muhesabu na zile usiku.

Tunajua kuna ndugu wanaouliza: tutawasaidiaje watu wa ndege, na wale waliokimbia Lubunga katika fujo ya 2023 walirudi kwa miguu? Swali hilo ni la haki. Jibu letu: sanduku liwe moja. Aliyekwama bandarini na mutoto mugonjwa anangojea sawa na yule wa uwanja wa ndege, pengine kwa shida zaidi. Wasiokubali waseme leo, si kesho barabarani.

Mambo madogo, lakini yanauma. Karte ya chanjo ya homa ya manjano ikae mukononi, si ndani ya valizi. Dola ziwe safi, iliyopasuka kidogo tu inakataliwa. Muweke ya Go-Pass. Saa ya Kisangani iko mbele ya Kinshasa kwa saa 1. Na jamaa yote isipande toleka kwenda Bangboka, kilometa 17, mbele ya kusikia kwamba ndege imeruka. Mutu mumoja apige simu.

Hesabu ya usiku 3 iko kwa muweka feza. Kila mumoja aiangalie, aandike pembeni bei aliyolipa yeye mwenyewe Kinshasa. Tutaisoma yote kwa sauti mbele ya kupiga kura.