Mficha Maradhi Kilio Kitamfichua



Ugonjwa nitakaoueleza leo huonewa haya, na haya hiyo imewazika mama wengi. Ni saratani ya mlango wa kizazi. Asili yake si uchawi wala laana, bali ni kirusi kiitwacho HPV, kiambukizwacho kwa kujamiiana, nacho huwapata watu wengi bila wao kujua. Mara nyingi mwili hukishinda. Kisiposhindwa, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani, na katika muda huo mwanamke hasikii maumivu yo yote.

Basi tusingoje maumivu. Mganga hupaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi. Penye hitilafu hugeuka kuwa peupe, na huweza kutibiwa kabla saratani haijaingia. Lakini mwanamke atokwaye na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, na aende hospitali upesi.

Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 katika mwaka 2019. Tena, utafiti uliofanywa Kisumu, Thika na Nairobi kwa wanawake vijana 2,275, na kutangazwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba sindano moja tu ilitoa kinga ya asilimia 97.5, kwa miezi 18, juu ya aina mbili za kirusi ziongozazo kwa kuleta saratani hiyo.

Enyi waume, mke asiombe nauli ya kwenda kupimwa mara mbili. Nanyi akina mama, msiwafiche binti zenu habari hizi.