Siagi, Samli na Kipako: Mashaka ya Kuainisha Mafuta ya Maziwa Forodhani

Mada iliyosomwa mbele ya wasindikaji wa maziwa na mawakala wa forodha, Kizimbani, Unguja



Nimetakiwa nizungumze juu ya uainishaji wa bidhaa za maziwa kwa jumla, nami, kwa kuwa najua wengi wenu mmekwisha kuyasikia haya mara nyingi kuliko mpendavyo, nitayapita mbio. Mfumo wa kuainisha bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu zake sita ni za ulimwengu mzima, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza mbili, zikawa nane, katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005. Toleo la sasa ni la 2022, lililotuletea daraja ya nne ya ushuru, asilimia 35, ambayo imezikumba nyingi miongoni mwa bidhaa za maziwa. Maziwa, mtindi na jibini vimo katika Sura ya 4. Hayo yatosha.

Hapa Kizimbani, mahali palipopandwa karafuu tangu mwanzo wa karne ya 19, hapana haja ya kumfundisha mtu kifungu cha 09.07, kwani karafuu ni karafuu, na hata makonyo yake yamo humo humo. Laiti mafuta ya maziwa yangekuwa na adabu ya karafuu!

Mashaka yangu, niliyoshindana nayo tangu nilipokuwa karani mdogo gatini mpaka leo nikiwa mstaafu, chanzo chake ni neno moja, nalo ni siagi. Kwa mama anayenunua dukani Darajani, siagi ni kila kitu kipakwacho juu ya mkate wa bofulo: majarini ni siagi, mafuta ya mimea yaliyogandishwa yakatiwa rangi ya manjano ni siagi, na karanga zilizosagwa nazo ni siagi ya karanga, ambayo kwa forodha iko mbali kabisa, kifungu cha 20.08. Simlaumu mama huyo, maana lugha ya jikoni haina hakimu. Lakini neno hilo hilo linapotoka jikoni likaingia katika ankara, na kutoka katika ankara likaingia katika tamko la forodha bila ya mtu kuliuliza linakwenda wapi, hapo ndipo fitina inapozaliwa.

Sheria yenyewe haina utata. Maelezo yaliyotangulia Sura ya 4 yasema kwamba siagi ni ile iliyotokana na maziwa peke yake, yenye mafuta ya maziwa asilimia 80 hadi 95, maji yasiyozidi 16, na yabisi nyengine za maziwa zisizozidi 2, tena haikutiwa dawa ya kuyashikanisha mafuta na maji. Hiyo ni 0405.10. Kisha kuna kitu ambacho sisi Waswahili hatukukipa jina, nami kwa ruhusa yenu nakiita kipako cha maziwa: mchanganyiko wa kupakika, ambao matone ya maji yamo ndani ya mafuta, wala si mafuta ndani ya maji, na ambao mafuta yake yote ni ya maziwa, kwa kiasi cha asilimia 39 au zaidi lakini chini ya 80. Hicho ni 0405.20, kijifungu kilichozaliwa katika toleo la 1996. Samli ya ng'ombe ni 0405.90; ama ile iitwayo samli sokoni ilhali ni mafuta ya mimea, hiyo haina nafasi katika sura hii.

Sasa tazameni. Kopo moja lina picha ya ng'ombe aliyenona, na ndani yake theluthi moja ni siagi na theluthi mbili ni mafuta ya alizeti. Si siagi, wala si kipako cha maziwa, kwa kuwa mafuta yake si ya maziwa peke yake. Je, ni majarini ya 15.17? Hapana vile vile, kwani Sura ya 15 hukataa vyakula vilivyotiwa zaidi ya asilimia 15 ya bidhaa za 04.05, na kwa kawaida hivyo hupelekwa Sura ya 21. Fauka ya hayo, kanuni za kimataifa za chakula, yaani Kodeksi, zakubali jina la kipako cha mafuta ya maziwa kuanzia asilimia 10, ilhali forodha haikubali ila kuanzia 39. Basi mkaguzi wa chakula na mkaguzi wa forodha wanaweza kulitazama kopo moja, wakatafautiana, na wote wawili wakawa wakweli.

Nakumbuka shehena moja, katoni chache tu, ambayo ankara yake iliandika "siagi", na wakala akatamka 0405.10, nami nikasoma kwenye kibandiko kwamba mafuta ni asilimia 60. Mwenye mali akaapa, wakala akaapa, sampuli ikapelekwa kwenye maabara ambayo sitaitaja, na baada ya majuma kadhaa ya joto la kaskazi jibu likarudi kwamba bidhaa hii yafaa kwa matumizi ya binadamu. Hilo hapana aliyeliuliza! Na wakati huo, huko ghalani, ilikuwa haifai tena. Sisemi haya kwa kumtia mtu lawama wala idara, na maoni haya ni yangu mwenyewe.

Wapo wasemao kwamba ikiwa viwango vya ushuru vinakaribiana, ya nini kutesana? Nawajibu kwamba viwango hubadilika, lakini hesabu iliyoandikwa vibaya hubaki, na msindikaji wa Unguja anayetaka kujua siagi kiasi gani huingia bandarini Malindi atapewa jumla iliyochanganyika na majarini. Kwa anayesafirisha nje jambo ni zito zaidi, maana siagi iliyoundwa upya kwa mafuta ya maziwa yaliyoagizwa kutoka ng'ambo hukubaliwa na sheria kuwa ni siagi, lakini uasilia wake ni suali jengine, na cheti cha uasilia hakitolewi kwa sababu ya namba peke yake. Wala tusidhani kwamba haya ni ya wanyonge tu: mwaka 1997 New Zealand iliishitakia Ulaya mbele ya Shirika la Biashara Duniani kwa ajili ya siagi yake laini ya kupakika, na shauri likaisha kwa sulhu mwaka 1999.

Kwa hivyo napendekeza, kwanza, tamko lisiandike "siagi" peke yake, bali litaje asilimia ya mafuta, asili ya mafuta hayo, na maji. Pili, maabara ipelekewe maswali yaliyoandikwa: mafuta ni kiasi gani, je, yote ni ya maziwa, jambo linalodhihirishwa na asidi ya butiriki, ambayo mafuta ya mimea hayana, maji ni kiasi gani, na je, maji yamo ndani ya mafuta au kinyume chake. Suali hili la mwisho hata wewe wakala waweza kulijaribu kwa bilauri ya maji, kwani kipako cha kweli hakitawanyiki ndani yake. Tatu, muagizaji aombe uamuzi wa awali kabla ya kulipia mali, si baada ya meli kutia nanga. Nne, asiyeridhika na uamuzi aombe mapitio kwa maandishi ndani ya siku 30, kama kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya kinavyompa haki, badala ya kuja ofisini kugombana. Tano, Taasisi ya Viwango na Baraza la Kiswahili Zanzibar wakae pamoja watupe jina la kitu hiki, na likiwa si kipako nitalikubali jengine. Sita, sampuli za mafuta zihifadhiwe kwenye baridi. Saba, nalirudia la kwanza, kwa sababu najua ndilo litakalosahauliwa: msiandike "siagi" peke yake.

Juu ya meza ile karibu na mlango nimeweka vikopo vitatu nilivyovinunua jana mjini, majina nimeyabandua, nimeacha orodha ya viungo tu. Kabla ya chai, kila mmoja wenu aandike namba yake kwenye karatasi, na tafadhali msinong'onezane.